Mtu Asiyejua Kufunga Mlango

Mwanamfalme Valerian Arsenievich alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na katika umri wake wote hakuwahi kufanya kazi iliyomtoa jasho, ukiondoa kucheza dansi. Ukanali alipewa akiwa bado ananyonya. Kaisari aliyepita alikuwa babu yake, Kaisari wa sasa alikuwa binamu yake, na yeye mwenyewe hakuwa kitu, ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mpelelezi Yevgraf Savelyich Tolmachov aliyajua hayo, kama kila mtu mjini Petersburg alivyoyajua. Asichokielewa ni kwa nini Jumamosi ile ya mwisho ya wiki ya siagi, wiki ya kula kabla ya Kwaresima, wakati watu wenye akili zao wako mezani wanakula chapati za maji na samaki wa moshi, yeye amesimamishwa ndani ya chumba cha kuvalia cha mama wa mwanamfalme huyo kama mtu aliyeleta kuni.

"Ilikuwa humu," alisema Baroni Rautenfels, akigusa droo ya meza ya kioo kwa ncha ya kidole. Baroni alikuwa msimamizi wa jumba, mzee mkavu, mwembamba, aliyevaa uso wa mtu anayesikia harufu mbaya na adabu inamzuia kuitaja. "Bruchi ya zumaridi, pini ya kupambia kifua, urithi wa bibi wa familia. Jumatano mchana imo. Jumatano usiku haimo. Katikati yake alionekana mjakazi Ustinya akitoka hapa. Mjakazi yuko mahabusu kwenu. Kazi imekwisha."

"Imekwisha, ndiyo maana mmeniita?"

"Tunahitaji sahihi yako, Bwana Tolmachov. Jumatatu msafara wa wafungwa unaondoka kwenda Siberia, na Bibi Mkuu, mwenye chumba hiki, anapenda msichana awemo, bila makelele ya mahakama. Kalamu ile pale."

Tolmachov aliitazama kalamu, akaiacha ilipo. Alikuwa mtoto wa shemasi wa kijijini, mnene, mzito wa miguu, na alikuwa na hasira ya taratibu, ile inayochemka bila kutoa moshi. Aliivuta droo, akairudisha, akaivuta tena.

"Haina kufuli?"

"Katika jumba hili hatufungi vitu kwa kufuli. Nani aibe?"

"Si mnasema mjakazi?"

Tolmachov akachungulia mlangoni. Kutoka pale vyumba vilifuatana kwa mstari mmoja: sebule ndogo, chumba cha muziki, maktaba, na mwisho kabisa chumba cha kuvutia sigara cha Mwanamfalme Valerian. Kila mlango ulikuwa umefungwa, shaba zake zinameremeta.

"Jumatano jioni nani mwingine alipita huku?"

"Hakuna. Bibi Mkuu alikuwa kanisani. Watumishi walikuwa jikoni, si unajua ni wiki ya kula. Terenti alikuwa zamu kwenye ngazi."

"Na Mwanamfalme?"

Uso wa Baroni ulikakamaa. "Bwana Tolmachov, mwenye damu ya kifalme haulizwi na polisi wala na hakimu, mpaka Kaisari atoe ruhusa kwa mkono wake. Na Kaisari yuko Crimea."

"Sijamuuliza yeye. Nakuuliza wewe, Baroni, na wewe damu hiyo huna."

Baroni aliiva mpaka masikioni.

Terenti alipatikana kwenye ngazi. Alikuwa mtumishi kijana mwenye mabega mapana na macho ya sungura, na miguuni alikuwa na buti mpya kabisa zinazolia akitembea. Alipomwona mpelelezi alianza kutetemeka. Sajini Dubasov, mzee wa polisi aliyefuatana na Tolmachov, alizikodolea macho zile buti, akamkonyeza mkubwa wake.

"Buti nzuri," Tolmachov alisema.

"Za zawadi, baba! Haki ya Mungu! Mjomba wangu ni fundi viatu, muulize mtaa mzima!"

"Unatetemekea nini basi?"

Terenti alitazama huku na huku, akanong'ona, "Jumatano nilionja mvinyo wa Mtukufu Mwanamfalme. Alibakiza kwenye chupa. Nikaonja, nikaonja, nikasinzia hapa hapa. Ukimwambia Baroni nimekwisha."

Dubasov akaguna kwa kukata tamaa. Tolmachov akamsogelea mtumishi mpaka pua zao karibu zigusane.

"Usingizi wa mvinyo ni mwepesi. Uliona nani?"

"Sikuona."

"Terenti."

"Sikuona, baba. Na kama niliona, basi sikuona." Tolmachov akajua kwamba hata angemning'iniza kichwa chini asingepata zaidi ya hapo.

Ustinya waliyemkuta mahabusu hakuwa msichana wa kulialia. Alikuwa amekaa kwenye ubao, amevaa joho la kijivu la wafungwa lililomzidi kimo, na mikono yake ilikuwa na masizi yasiyotoka tena, kwa kuwa tangu utotoni kazi yake jumbani ilikuwa kuwasha matanuri ya vyumba. Alitokea Vologda. Mama yake mjane alikuwa huko bado, kipofu, na riziki yake ilikuwa mikononi mwa binti huyu. Akienda Siberia, mama atakufa njaa mlangoni kwa watu. Hilo Dubasov alikuwa ameshamwambia Tolmachov njiani.

"Uliiba?" Tolmachov alimuuliza.

"Ningeiba ningekuwa hapa, baba? Ningekuwa nimeshafika Vologda."

"Hebu nieleze Jumatano. Ulikwenda kufanya nini kule ndani?"

"Kuchochea tanuri la Bibi Mkuu kabla hajarudi kanisani, anaona baridi sana. Nikapitia upande wa Mtukufu kama siku zote. Nikakuta milango yote wazi."

"Milango ipi?"

"Yote. Wa sigara, maktaba, muziki, sebule, mpaka chumbani kwa Bibi. Imeachwa hivyo hivyo kama zizi ng'ombe wametoka. Joto lote limekimbia. Nikaanza kufunga mmoja mmoja. Kufika ndani, droo nayo wazi. Nikaifunga. Chini kuna glavu. Nikaiokota."

"Glavu ya nani?"

"Glavu ni glavu, baba."

"Uliipeleka wapi?"

"Mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?"

"Kabatini kwa Mtukufu," alisema hatimaye. "Ilikuwa nyeupe, ya mkono wa kushoto, inanuka mbwa. Humo jumbani mwenye glavu ya kunuka mbwa ni mmoja tu."

Tolmachov alishusha pumzi. Dubasov, aliyesimama mlangoni, alipiga ishara ya msalaba.

"Kwa hiyo ulifunga milango, ukafunga droo, ukaokota glavu, ukairudisha," Tolmachov alisema. "Yaani kila kitu ambacho kingekuokoa umekipanga vizuri kwa mikono yako mwenyewe."

"Ndiyo kazi niliyofundishwa. Ukiacha mlango wazi pale unapigwa."

"Kumbe. Na umewahi kumwona Mtukufu anafunga mlango?"

Ustinya alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kumwona farasi akishona. Kisha, kwa mara ya kwanza, akacheka.

Tolmachov alirudi jumbani alasiri, akakaa kwenye kiti cha ukumbini bila kukaribishwa. Alitaka kuona kwa macho yake. Hakungoja sana. Kengele ililia, watumishi wakajipanga, na Mwanamfalme Valerian akaingia kutoka kwenye matembezi, mashavu mekundu kwa baridi, masharubu yamepakwa mafuta, na nyuma yake mbwa mkubwa mweupe wa kuwinda, mwembamba kama upinde.

Mwanamfalme hakusimama. Alilegeza mabega, na koti lake la manyoya, koti ambalo mwalimu wa shule angelifanyia kazi maisha yake yote bila kulipata, likaanza kudondoka. Hakugeuka kuona kama kuna mtu nyuma. Mtumishi alilidaka. Alivua glavu moja akaiachia hewani, ikadakwa. Akavua ya pili akaiachia, na hiyo mtumishi akaikosa, ikaanguka kwenye marumaru, na Mwanamfalme akaikanyaga akapita. Mlango wa mbele yake ukafunguliwa. Akapita. Mlango wa nyuma yake ukafungwa. Alimpita Tolmachov kama mtu anavyopita kabati.

Mbwa ndiye aliyesimama. Alikuja kumnusa mpelelezi magoti, na Tolmachov, ambaye alipenda mbwa kuliko watu wengi aliowahi kuwahoji, akamkuna shingo. Mbwa alivaa ukosi mpya wa mahameli nyekundu. Kidole cha Tolmachov kiligusa kitu, akainama. Katikati ya ukosi, chini ya koo, mahameli ilikuwa imetobolewa matundu mawili madogo, na kuzunguka matundu hayo manyoya ya kitambaa yalikuwa yamelala, yamegandamizwa na kitu kizito chenye umbo la yai.

Mtunza mbwa alikuja kumchukua. Jina lake Nikanor, na alinuka kama mbwa wake.

"Mbwa mzuri sana," Tolmachov alisema. "Anaitwaje?"

"Lebed!" Nikanor alichanua uso mzima. "Baba, huyu si mbwa, ni bibi harusi! Jumatano pale kwenye karamu ya kikosi maofisa walishindana, mbwa wa nani atakuja mezani amependeza kupita wote. Mmoja kamvisha wa kwake lulu, mwingine kaleta wa kwake na kofia. Akaingia Lebed wetu, shingoni jiwe la kijani, kubwa kama yai la njiwa! Wakapiga meza! Jenerali mzima na nishani zake akambusu pua!"

"Jiwe la kweli?"

"Aa, kioo tu. Nani atamvisha mbwa jiwe la kweli?"

"Na kiko wapi sasa hicho kioo?"

"Mtukufu alilichomoa kwenye gari wakati wa kurudi, Lebed alikuwa anajikuna. Akalitia..." Nikanor alikatiza maneno. Alimtazama Tolmachov, akatazama zile nguo zake za serikali, na rangi ikamtoka usoni. Bandani habari za jumbani huchelewa kufika, lakini hii ilikuwa imefika sasa hivi. "Baba wee. Ni ile bruchi?"

"Utayasema haya mbele ya hakimu, Nikanor?"

"Mimi? Mimi nimesema nini? Sijasema kitu. Nina watoto, baba. Lebed, twende!"

Akamburuta mbwa kwa haraka mpaka makucha yakateleza kwenye marumaru.

Basi Tolmachov alikuwa na kila kitu, na hakuwa na kitu. Shahidi mmoja alikuwa amelewa, wa pili amemeza ulimi, wa tatu ndiye mshtakiwa, na mwizi haulizwi. Aliomba kumwona Bibi Mkuu Evdoksia Karlovna. Alikubaliwa, kwa sababu kukataa kungehitaji mazungumzo marefu zaidi.

Bibi Mkuu alimpokea akiwa amelala nusu kwenye kochi, shali begani, sahani ya zabibu pembeni, mdomo umejaa ucha Mungu na zabibu. Hakumkaribisha kukaa.

"Mtukufu Bibi Mkuu," Tolmachov alisema, "mtu aliyechukua bruchi aliacha milango yote wazi nyuma yake, akaacha droo wazi, na akadondosha glavu bila kuiokota. Mtumishi hawezi. Mtumishi akiingia kuiba atafunga mlango kwa mazoea tu, hata akili yake ikimkataza. Huyu ni mtu ambaye tangu azaliwe hajafunga mlango hata mmoja, hajui kama milango hufungwa na mikono ya watu."

Bibi Mkuu alitafuna zabibu yake polepole. Hakuuliza ni nani. Kutoka hapo Tolmachov akajua kwamba alishafahamu.

"Mwanangu haibi," alisema. "Mtu haibi cha nyumbani kwake."

"Basi hakuna wizi. Msichana atolewe."

"Bruchi haipo, Bwana... nani. Watumishi wote wanajua haipo. Isipochukuliwa na mjakazi, wataanza kufikiri. Sipendi watumishi wanaofikiri."

"Bibi Mkuu amemuuliza mwanawe?"

Mwanamke yule alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sisi katika familia hatuulizani. Tuwe wauza samaki?"

Tolmachov aliyabana meno. Alipokuwa mdogo baba yake shemasi alimfundisha kuwaombea watu hawa kila Jumapili kwa majina yao yote, na aliwaombea, miaka na miaka. Sasa alijuta kila neno.

"Ninaomba jambo moja tu," alisema, sauti imeshuka, unyenyekevu ameupaka kama siagi. "Kesho ni Jumapili ya Msamaha. Msichana anaomba, kabla ya kwenda zake, ajipange na wenzake kanisani humu jumbani, ainame, aombe msamaha kwa mabwana zake. Ni roho yake. Kumnyima hilo kabla ya Kwaresima..."

Alimwachia amalizie mwenyewe. Bibi Mkuu alikuwa mcha Mungu wa aina ile inayopenda watazamaji. Macho yake yalilegea.

"Aje," alisema. "Itakuwa fundisho kwa wengine. Ataniinamia mpaka chini."

"Mpaka chini, Bibi Mkuu."

Jumapili jioni Tolmachov mwenyewe alimleta Ustinya kwa gari la theluji. Njia nzima mjini watu walikuwa wanamalizia sikukuu, wanaimba, wanaanguka kwenye theluji na kuinuana. Msichana alikaa amejikunyata ndani ya joho lake.

"Kwa hiyo nimwinamie?" aliuliza. "Niombe msamaha kwa kuonewa?"

"Inama. Leo kila mtu anamwinamia kila mtu, hata Mwanamfalme. Atapita mbele yenu mmoja mmoja, atasema anayosema kila mwaka. Jibu lake unalijua?"

"Nani asilijue? 'Mungu atasamehe, nami nimesamehe.'"

"Sawa." Tolmachov alipangusa theluji kwenye masharubu yake. "Ustinya, mimi siruhusiwi kumuuliza swali lolote mwanamfalme huyu. Hakimu haruhusiwi. Waziri haruhusiwi. Nimeipitia sheria yote. Mjakazi hawakumtaja."

Ustinya alimtazama kwa muda mrefu.

Kanisa la jumba lilikuwa dogo, dari yake dhahabu tupu, mishumaa imewashwa mbele ya picha takatifu. Watumishi walijipanga ukutani kwa vyeo, kuanzia mpishi mkuu mpaka wasafisha vyoo. Ustinya aliwekwa mwisho kabisa, karibu na mlango, na Tolmachov akasimama nyuma yake pamoja na Dubasov. Padri Mitrofani, mzee mwenye ndevu za kufika tumboni, alimaliza sala, akawa wa kwanza kuinama na kuomba msamaha kwa wote. Kisha zamu ikawa ya familia.

Bibi Mkuu alipita kama meli, akitoa mkono wake ubusiwe. Alipofika kwa Ustinya msichana aliinama, kweli mpaka chini, paji likagusa sakafu. Bibi Mkuu alitazama huku na huku kuhakikisha wote wameona.

Nyuma yake akaja Mwanamfalme Valerian. Alikuwa anapiga miayo. "Nisamehe mimi mwenye dhambi," alimwambia mpishi. "Mungu atasamehe, nami nimesamehe," mpishi akajibu. "Nisamehe mimi mwenye dhambi," kwa mfuaji. Akafika kwa Terenti na buti zake, akafika kwa Nikanor aliyekuwa ametazama chini muda wote, akafika kwa wasuuza vyombo, na maneno yakazidi kupungua, mpaka ikabaki "nisamehe" tupu, halafu "mehe." Alipofika mwisho alikuwa ameshaanza kugeuka aende zake.

"Mehe," alisema.

"Nimsamehe Mtukufu kwa lipi?" Ustinya aliuliza.

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini kanisa lilikuwa kimya. Mwanamfalme alisimama, mguu mmoja umeshaondoka. Aligeuka nyuma kumtafuta mtu wa kumjibia. Hakukuwa na mtu.

"Unasemaje?"

"Nauliza, Mtukufu. Kwa lipi? Nisije nikasamehe jambo silo."

Baroni Rautenfels alichomoka kwenye nafasi yake. Padri Mitrofani akanyoosha mkono, akamzuia kifuani. "Leo haingiliwi mtu anayeomba msamaha, Baroni," alisema. "Hata ningekuwa mimi ningengoja."

Mwanamfalme alikunja uso. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mtumishi wa matanuri, na alionekana kupata taabu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Wewe nani?"

"Ustinya. Ninayekuwashia tanuri, tangu Mtukufu hana masharubu."

"Na hilo livazi baya umelitoa wapi?"

"La gerezani, Mtukufu. Kesho napelekwa Siberia."

"Siberia? Umefanya nini?"

"Nimeiba bruchi ya Bibi Mkuu. Ya zumaridi."

"Zumaridi?" Mwanamfalme alicheka, kicheko cha wazi, cha mtoto. "Mjinga wewe! Bruchi niliichukua mimi. Nilimvisha Lebed, tukashinda kikosi kizima. Imo kwenye mfuko wa koti langu la kijani." Aligeuka kwa mama yake, na sasa alikuwa amekereka kidogo. "Mama, makelele yote haya ya nini? Kwa nini hakuna aliyeniuliza?"

Bibi Mkuu alisimama na rangi imemtoka, kinywa wazi, na mara hii hakikuwa na ucha Mungu wala zabibu. Tolmachov alimtazama yule mwanamfalme akitafuta dalili ya aibu, hata kidogo, hata kwenye sikio. Hakuona. Mtu huyu hakuwa amedanganya. Ili udanganye lazima kwanza ukumbuke kwamba kuna watu wengine duniani. Na Tolmachov, aliyewahi kukaa meza moja na wauaji na kuwapa tumbaku, alimdharau kuliko wote.

"Terenti," alisema, "koti la kijani."

Terenti alikimbia, buti zinalia vyumba vyote. Alirudi na bruchi kiganjani. Kwenye pini yake ulikuwa umenasa unyoya mmoja mweupe wa mbwa. Tolmachov aliichukua, akaiweka mkononi mwa Baroni mbele ya macho ya wote, kisha akanyoosha mkono wake mtupu.

"Ile kalamu, Baroni. Sasa nitasaini. Saini ya kumwachia."

Baroni alimtazama Bibi Mkuu. Bibi Mkuu alimtazama padri, akatazama ule mstari wa watumishi, ambao wote walikuwa wanafikiri, na ilikuwa inaonekana.

"Mpe," alisema. Kisha akajikusanya, akavuta shali. "Haya, yamekwisha. Msichana arudi jikoni, apewe chapati kabla ya mfungo. Valerian, malizia, tumechelewa."

Mwanamfalme alimgeukia tena Ustinya kwa subira ya mtu mwema anayesumbuliwa. "Haya. Nimeshasema kwa lipi. Kwa mbwa. Nisamehe."

"Mungu atasamehe," Ustinya alisema.

Mwanamfalme alingoja. Kanisa zima lilingoja.

"Malizia," alisema.

"Nimemaliza, Mtukufu."

Alivua lile joho la kijivu, akalikunja vizuri, akalikabidhi kwa Dubasov kwa kuwa lilikuwa la serikali. Aliwainamia wenzake, akawaomba msamaha, na wao wakamjibu jibu lote, Terenti akilia. Tolmachov alimvisha koti lake mwenyewe la zamani. Ustinya akafungua mlango wa kanisa kwa mkono wake, akatoka.

Hakuufunga. Walimsikia akifungua wa ukumbi mdogo, halafu wa ukumbi mkubwa, halafu lile lango zito la mbele, na kila mmoja aliuacha wazi kabisa nyuma yake. Upepo wa nje ukaingia na theluji yake, ukapita vyumba vyote bila kipingamizi, ukafika kanisani, ukazima mishumaa ya mbele. Watumishi walisimama ukutani, mikono imening'inia.

Mwanamfalme Valerian alijikunyata. "Mlango," alisema, kwa hewa tu, kama alivyosema maisha yake yote.

Hakuna aliyesogea. Aliyekuwa karibu zaidi na mlango alikuwa Tolmachov, na Mwanamfalme akageuza macho kwake, akangoja. Tolmachov alivaa kofia yake, akatoka, akauacha kama alivyoukuta.